Mwaka Mchwa Walipokula Kadi za Mama

Kwetu Krismasi haikuanza na kuku wala chapati. Ilianza Jumamosi ile ya Desemba ambapo Mama alipanda juu ya meza ya sebuleni, uzi ukiwa umening'inia mdomoni na pini zimechomekwa kwenye kola ya sweta, akatuambia tushike meza vizuri tusimwangushe.

Nyumba ya wazazi wangu iko Malava, ndani kidogo kutoka barabara ya Webuye, mahali ambapo miwa huanzia nyuma ya choo na kuendelea hadi huioni tena. Baba alikuwa karani wa mizani kiwandani, pale trekta za miwa zinapopimwa kabla ya kuingia. Mama alikuwa mwalimu wa shule ya msingi. Sasa wote wamestaafu. Baba anafuga kuku na kubishana na redio, na Mama bado anawaamuru watu wazima wanyooshe mgongo wanapokaa.

Uzi ule ulifungwa kutoka kona moja ya sebule hadi nyingine, mwingine ukaupita katikati karibu na balbu, na juu yake Mama alianika kadi za Krismasi. Hakuanika za mwaka ule peke yake. Alianika zote alizopata tangu awe msichana. Aliziacha wazi kidogo, zikapanda uzi kama nguo za watoto wachanga. Upepo ukipita mlangoni, sebule nzima ilicheza. Mgeni mrefu alilazimika kuinama. Baba ni mrefu kuliko wote, na kila jioni akiingia kadi zilimpiga kwenye paji la uso.

"Mwalimu, kadi zako zimenipiga tena."

"Zinakusalimia," Mama alijibu bila kugeuka.

Mimi na kaka yangu tulijua historia yake yote kupitia zile kadi. Ya kwanza kabisa ilikuwa ndogo, ya rangi ya kahawia kwa uzee, na ilikuwa na picha ya mchungaji na kondoo. Alipewa na mwalimu mkuu wa shule yake ya bweni. Zilifuata zile za enzi za chuo cha ualimu, zenye nyumba zilizofunikwa theluji na ndege wa kifua chekundu ambao hakuna mtu Malava aliyewahi kuwaona. Nilipokuwa mdogo niliamini theluji ni unga wa ugali uliomwagika, na nilishangaa kwa nini watu wale hawakuuzoa.

Halafu zikaja kadi za kwetu wenyewe. Ilikuwa miaka ambayo, ikifika Novemba tu, wachuuzi mjini Kakamega walizitundika chini ya veranda za maduka, watu wakasimama wakichagua kana kwamba wanachagua kitenge. Zilikuwepo za tembo aliyevaa kofia nyekundu, na za Mariamu mweusi mwenye leso kichwani. Zilikuwepo za maganda makavu ya mgomba, zilizobandikwa kwa mkono zikaunda vibanda na wanawake wanaotwanga. Kulikuwa pia na kadi za studio. Mlivaa nguo mpya, mkasimama mbele ya pazia lililochorwa maporomoko ya maji, na mpiga picha akawatia ndani ya duara la maua lenye maneno ya heri. Katika yetu, kaka yangu amefumba macho na mimi nimekunja uso kwa sababu viatu vilinibana. Mama aliwatumia ndugu wote kadi ile, akabakiza moja.

Mwisho zikaja za muziki. Ukizifungua, zinalia sauti ya kengele nyembamba kama mbu. Mama alipata mbili, na sisi tulizifungua na kuzifunga mpaka akatuondoa sebuleni.

Baada ya hapo simu zikaingia, na kadi zikakauka. Watu wakaanza kutuma ujumbe wa maneno matupu, kisha picha za mishumaa inayowaka kwenye kioo cha simu, picha moja ikitumwa na watu ishirini. Mama alizijibu zote kwa adabu. Lakini ikifika Desemba alipanda mezani, akatundika zilezile za zamani, na hakuna mtu aliyelalamika. Wajukuu walipozaliwa walizikuta pale na kudhani ni sehemu ya nyumba, kama dirisha.

Mwaka ninaousimulia, nilijifungua mtoto wangu wa tatu mwishoni mwa Oktoba. Ninaishi Amalemba, mjini, na Mama akaja kunisaidia. Alikaa nami Novemba yote. Alimwogesha mtoto, akanipikia uji wa wimbi, akamfundisha mume wangu kukunja nepi upya ingawa alikuwa amekunja za watoto wawili. Mvua ile ya mwisho wa mwaka ilinyesha sana. Baba alibaki Malava na kuku wake, na chumbani hakuwa na sababu ya kuchungulia chini ya kitanda, lilipokaa sanduku la kadi.

Mama alirudi nyumbani Desemba ilipoanza. Kesho yake asubuhi Baba akanipigia simu. Yeye hupenda kuanza na mzaha, lakini siku hiyo hakuanza nao.

"Mama yako amekataa kupamba," alisema.

"Mgonjwa?"

"Hapana. Mchwa wameingia kwenye sanduku."

Nilimfunga mtoto mgongoni nikaenda. Nilimkuta Mama amekaa ukingoni mwa kitanda, sanduku la mbao liko wazi miguuni pake. Lilikuwa limejaa udongo mwekundu, umejengeka vizuri, una njia na vyumba. Hapa na pale ulitokeza ukingo wa kadi wenye dhahabu, maana mchwa hawakuipenda ile karatasi ya kung'aa. Bahasha zote zilikuwa zimekwisha. Mchungaji na kondoo wake walikuwa wamekwisha.

"Usiseme kitu," Mama aliniambia. "Najua ni karatasi tu."

"Sijasema."

"Baba yako amesema mchwa wamesherehekea Krismasi mapema. Nimemfukuza."

Baba alikuwa nje ya dirisha, anajifanya kuangalia mabati. Nilimwona akiinua mikono kuomba msamaha.

Tulikaa sakafuni tukachambua ule udongo kwa kijiko. Nilipopindua bonge moja, kengele nyembamba ikalia. Tulishtuka wote. Mchwa walikuwa wamekula kadi ya muziki, picha na maneno, wakaacha kile kidude cha bati kinachotoa sauti, na kidude kile kikaendelea kulia mkononi mwangu, hakina kadi wala aibu. Mama alikitazama, midomo ikaanza kumcheza. Akacheka. Alicheka hadi akashika mbavu, kisha machozi yakamtoka, na sikujua tena ni ya kicheko au ya nini. Mtoto mgongoni akaamka naye akalia. Baba akaingia mbio akidhani kuna nyoka.

Zilizobaki nzima zilijaa kiganja. Mama alizifuta kwa kitambaa, akaziweka dirishani zikauke, akasema hatapamba mwaka huo. Aliongea kwa utulivu, na hilo ndilo lililomtia Baba hofu.

Siku iliyofuata nilianza kuzunguka mjini. Niliingia kila duka la vitabu ninalolijua. Muuzaji wa kwanza, kijana mwenye miwani, aliniuliza, "Kadi ya simu?" Wa pili alinitolea kadi za kuwatakia heri watahiniwa, zimebaki tangu mitihani. Wa tatu alisema niingie mtandaoni nichague muundo, wachapishe. Nilikuwa karibu kukata tamaa nilipofika duka la mama mmoja ambaye kwao ni Mumias. Anauza mapambo ya kila sherehe: baluni, riboni, taa ndogo za kumetameta, matawi ya plastiki. Amevaa hijabu, na Desemba duka lake ndilo lenye Krismasi nyingi kuliko kanisa.

"Asalaam aleikum," nilimsalimu, maana kwake ndivyo tunavyosalimia.

"Wa aleikum salaam. Mtoto mdogo hivyo unamzungusha kwa jua? Kaa hapa."

Nilikaa nikamweleza habari ya sanduku. Alisikiliza mkono shavuni.

"Pole sana. Marehemu mama yangu ndiye aliyekuwa anauzanga kadi, mimi nikiwa msichana. Tulizifunga kumi kumi. Mwaka simu zilipoingia tulibaki nazo, akakataa kuzitupa." Akamwita msaidizi wake, msichana mnene mcheshi, ampishe, akapanda ngazi akaingia stoo ya juu. Vumbi likashuka. Alirudi na furushi lililofungwa kwa mpira uliokauka, ukakatika alipougusa. Zilikuwa kadi za aina moja tupu: nyumba, theluji, na farasi anayevuta gari lisilo na magurudumu.

"Mpelekee mama yako," alisema. Nilipotaka kulipa alikunja uso. "Hizo si za kuuza tena. Wewe nunua baluni."

Nikanunua baluni, nyingi kuliko nilizohitaji.

Nilizipeleka Malava nikijiona shujaa. Mama alizipokea kwa mikono miwili, akashukuru, akafungua moja, akafungua ya pili, akafungua ya tatu. Kisha akaziweka mezani taratibu.

"Ni nzuri," alisema. "Lakini hazijaandikwa."

"Tutaziandika."

"Nani ataniandikia? Wewe? Wewe nakuona kila wiki." Alinigusa goti ili nisiumie. "Mimi sikuwa naweka picha, mama. Nilikuwa naweka watu."

Nikamuuliza ni ya nani inayomuuma zaidi. Nilidhani atasema ile ya mchungaji. Bila kufikiri akasema ni zile za uzi wa mlangoni. Nilizijua. Uzi mzima ulikuwa wa mtu mmoja, rafiki yake wa chuo cha ualimu, ambaye alimwandikia kila Krismasi kwa wino wa buluu, herufi zimelala upande. Mumewe alikuwa askari wa msitu huko Buyangu, na mama huyo alifundisha shule iliyo karibu na geti la msitu. Waliandikiana miaka mingi. Kisha mume akafariki, mama yule akastaafu, na Mama akasikia kwamba amehamia kwa binti yake Nairobi. Sanduku la posta la shule ya Mama nalo likabaki la shule alipostaafu. Hapo ndipo zilipoishia.

"Nani alikuambia alihamia Nairobi?" Baba aliuliza kutoka mlangoni.

"Watu."

"Watu gani?"

"Watu, Mzee! Watu wa kanisani."

"Na kama alirudi?"

Kutoka kwetu hadi njia panda ya Buyangu si safari. Tunaipita kila tunapokwenda mjini. Niliona wazo lile likimwingia Mama na kumuudhi.

"Siwezi kuibuka tu nyumbani kwa mtu baada ya miaka yote hiyo," alisema. "Nitasema nimefuata nini? Kadi?"

"Sema umefuata mboga," Baba akasema, akaenda kutafuta kofia yake.

Tulikwenda Jumatano, mume wangu akiendesha gari, Baba mbele, mimi na Mama na mtoto nyuma. Tulipoacha lami, barabara ikawa ya matope, na miti ikasogea karibu. Buyangu kuna ubaridi wake hata adhuhuri. Nyani walikuwa wamekaa pembeni mwa barabara kama abiria. Mama alikuwa amevaa vazi lake la kanisani na kushikilia mkoba kwa mikono miwili.

Tuliuliza kwenye kibanda kimoja. Mwenye kibanda akaonyesha kwa kidevu: boma lenye ua wa michongoma, lile pale. Tulipofika, mwanamke mwembamba mwenye kitambaa cha manjano kichwani alikuwa ameinama kwenye bustani ya mrenda, anachuma. Alisikia gari, akajinyoosha, mkono kiunoni, akatukodolea macho kwa sababu ya jua.

Mama alishuka. Alisimama getini.

"Mwalimu," aliita.

Yule mama aliacha kapu likaanguka. "Mwalimu? Ni wewe Mwalimu?"

Walikutana katikati ya bustani, wakakanyaga mrenda. Walikumbatiana wakaanza kugombezana hapohapo, kila mmoja akimtikisa mwenzake mabega.

"Ulienda Nairobi ukaninyamazia!"

"Nilirudi mwaka uliofuata! Ningekaa Nairobi nifanye nini? Ulininyamazia wewe!"

"Namba yako haipatikani!"

"Simu ilianguka chooni na namba zote!"

"Ungeandika!"

"Niliandika!" Yule mama alimwachia Mama, akaingia ndani kwa hatua ndefu, akatuacha tumesimama na mboga zilizokanyagwa. Alirudi na bahasha. Ilikuwa imeandikwa kwa wino wa buluu, herufi zimelala upande, jina la Mama na sanduku la posta la shule. Juu yake palikuwa na muhuri wa posta na mstari mwekundu: haijulikani, irudishwe kwa mtumaji. Haikuwa imefunguliwa.

"Nilidhani umehama," alisema kwa sauti ya chini. "Au umenichoka."

Mama aliichukua. Aliigeuza pande zote mbili. Nilidhani ataifungua palepale, lakini aliiingiza mkobani, akavuta zipu.

"Krismasi bado," alisema, na hapo ndipo nilipojua kwamba atapamba.

Tuliingia ndani. Tulinyweshwa chai ya maziwa na kulishwa nduma, na kila aliyekataa aliongezewa. Baba na mume wangu walikaa kimya kama wachumba waliokuja kuposa. Mazungumzo yalipofika kwenye mchwa, mwenyeji wetu aliweka mkono mdomoni, akainuka, akatoa kabatini mkebe wa biskuti wa bati, wa buluu, uliopauka pembe. Ndani yake zilikuwamo kadi zote ambazo Mama alimtumia. Zilikuwa zimepangwa kwa mwaka, kavu, safi, kama zimenunuliwa jana. Ile ya studio ilikuwamo, mimi na viatu vyangu.

Mama alizipitia moja moja. Uso wake ulikuwa umeng'aa.

"Hizi zitajaza uzi mzima," alisema. "Mwalimu, nitazichukua, nita—"

"Utazichukua wapi?" Yule mama aliuvuta mkebe kifuani. "Hizi ni zangu. Uliniandikia mimi."

"Niliziandika mimi!"

"Ukazituma. Ukabandika na stempu."

Baba alikohoa akatazama dari. Kwa muda walitazamana wale wanawake wawili, na nikaona jinsi walivyokuwa wasichana wa bweni wakigombea kioo. Kisha mwenyeji akatoa masharti yake. Atakuja Krismasi, yeye mwenyewe, na mkebe. Zitatundikwa siku hiyo. Jioni zitarudi naye Buyangu.

"Na nikija nisikute kuku mwembamba," aliongeza.

"Kuku wangu si wembamba," Baba akasema, akiwa ameumia kwelikweli.

Siku zilizobaki zilipita kwa kasi. Kaka yangu alifika kutoka Nakuru na mkewe na watoto. Tulikata tawi kubwa la saiprasi, tukalisimamisha kwenye ndoo ya mchanga, watoto wakalirushia pamba. Baluni zangu zilipulizwa hadi watu wakasikia kizunguzungu, na bado zikabaki. Zile kadi za farasi Mama aliwagawia wajukuu na kuwaamuru kila mmoja aandike yake, kwa kalamu ya wino, bila kufuta. Mmoja aliandika, kwa jina wanalomwita bibi yao, "Kukhu, Krismasi njema, naomba baiskeli." Mama aliisoma akaitundika bila maoni.

Siku yenyewe tulitoka kanisani tukakuta rafiki yake ameshafika. Alikuwa kwenye kiti nje ya nyumba, mkebe mapajani, anamwelekeza mke wa kaka yangu namna ya kukaza unga wa chapati. Baba alikuwa amechinja jogoo aliyemchagua mwenyewe, na aliagiza mgeni aonyeshwe paja kabla halijaingia sufuriani.

Baada ya kula, Mama alipanda mezani. Mimi na kaka yangu tulishika meza, ingawa sasa kaka ana mvi. Rafiki yake alikuwa chini, akimpa kadi moja baada ya nyingine. Lakini hakuweza kutoa kadi bila kuisoma kwanza, tena kwa sauti, na sauti yake ni ya mtu aliyefundisha darasa la watoto sabini.

"Sikilizeni hii. 'Mpendwa Mwalimu, huku kuna karani mmoja wa mizani anayepita mbele ya shule kila jioni na baiskeli, hata kama njia yake si hii. Ana miguu mirefu kama korongo na anajiona sana. Usiwe na wasiwasi, simtaki.'"

Sebule ililipuka. Baba aliinuka kitini. "Mimi? Mimi ninajiona?"

"Subiri, Mzee, kuna ya mwaka uliofuata." Akaiinua juu. "'Mpendwa Mwalimu, harusi ni Aprili shule zikifungwa. Ndiyo, ni yule korongo.'"

Kaka yangu alicheka hadi akaachia meza, na ilibidi nimpigie kelele. Mama juu ya meza alijificha uso kwa kadi. Baba alizunguka akiwauliza wajukuu mmoja mmoja kama miguu yake ni mirefu, nao wakasema, "Kuka, ni mirefu," akakaa chini akisema familia nzima imenunuliwa.

Zilisomwa zote. Nilisikia kwamba nilipozaliwa nilikuwa na sauti ya mnadi, na kwamba majirani wa ng'ambo ya miwa walijua saa zangu za kunyonya. Nilisikia kuhusu mwaka ambao kiwanda kilichelewesha mishahara na Mama akashona nguo zetu za Krismasi kwa mapazia, jambo ambalo hatukulijua kamwe. Tulidhani ni fasheni. Kadi nyingine ilimtaja bibi yangu aliyefariki Desemba hiyo, mistari michache tu, na aliyekuwa akisoma akapunguza sauti, na hata watoto wakatulia. Kisha akaendelea na nyingine, iliyohusu mbuzi aliyeingia darasani.

Mwisho Mama alishuka mezani, akafungua mkoba wake, akatoa ile bahasha yenye mstari mwekundu. Aliipasua kwa kisu cha kukatia mkate. Kadi ilikuwa ya kawaida, nyota na punda. Mama alivaa miwani, akasoma kimya, kisha akampa Baba aisome kwa sauti, maana yeye hakuweza.

Baba alisoma polepole. "'Mpendwa Mwalimu, nimerudi nyumbani. Nairobi watu hawasalimiani. Nimepanda mrenda kando ya nyumba, umeota vizuri kuliko ninavyoweza kula peke yangu. Njoo.'"

Rafiki yake alikuwa anatazama mikono yake. "Umechelewa kidogo kukufikia, ule mrenda," alisema.

"Na nimeukanyaga," Mama akasema, na wote wawili wakaanza kucheka tena, wakifuta macho kwa leso moja.

Jua lilipopungua makali, mkebe ulijazwa upya na mume wangu akamrudisha mgeni kwake. Uzi wa mlangoni ukabaki na kadi moja, ile ya punda. Nilimuuliza Mama kama inamuuma. Alisema zilizoliwa zimeliwa, hatazipata, na asubuhi nyingine akiamka huzikumbuka na kuumia. Lakini aliisogeza ile kadi katikati ya uzi, akarudi nyuma kuitazama, akasema imekaa vizuri.

Tangu hapo wameanza upya. Posta haihusiki, wana kijana wa bodaboda wa njia panda wanayemwamini. Desemba hii nilikuwa Malava aliposimamisha pikipiki mlangoni kuchukua bahasha ya Buyangu. Mama alikuwa ameiandika anwani kamili, kwa mwandiko wa ubaoni, kana kwamba inavuka mpaka. Kijana aliitazama.

"Kukhu, si umpigie tu simu?"

"Simu nimempigia asubuhi," Mama alisema. "Tumeongea mpaka chaji ikaisha. Hii ni kadi. Iweke ndani ya jaketi, mvua inakuja, na usiikunje."

Kijana akafungua jaketi, akaiweka kifuani, akavuta zipu hadi shingoni, na kuondoka taratibu kuliko alivyokuja.